Barua ya Jumatano

Watu wa Njombe wakisimulia habari hii huanza na igizo, kwa sababu igizo ndilo waliloliona. Mimi naanza na mdogo wangu Bertila, kwa sababu yeye ndiye aliyekufa, na katika masimulizi yao hutajwa mara moja tu, tena mwishoni, wakiwa wameshainuka kwenda zao.

Bertila aliolewa na Lameki, mwalimu msaidizi katika shule moja pale Njombe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo kanisani uliisikia kabla hujamwona mwenyewe. Bertila alipopata mimba ya kwanza alirudi kwetu Makambako kujifungulia kwa mama. Mimi nilikuwa mjane, nakaa hapohapo nyumbani, na riziki yangu ilikuwa kupika chai na viazi pale njia panda, ambapo malori ya Iringa, Mbeya na Songea yalisimama. Huo ulikuwa mwaka 1951, mwezi wa saba, baridi ile ya kupasua midomo.

Lameki alikuwa ameahidi kuja mwishoni mwa Juni akae na mkewe mpaka mtoto azaliwe. Hakuja. Ikaja barua kwamba atakuja baada ya igizo.

"Igizo gani?" nilimwuliza Bertila.

"La Mwalimu Anania. Amelifasiri mwenyewe kutoka kitabu cha Kiingereza. Lameki ndiye mfalme."

"Mfalme anaogopa kumwomba Anania ruhusa?"

"Dada, usiseme hivyo. Igizo likipendeza, Lameki atapelekwa chuo. Mwalimu amemwahidi."

Mwalimu Anania alikuwa mwalimu mkuu. Mtu wa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope, na kila mtu alijua anachokitaka: awe mkaguzi wa shule. Katika wilaya ile hakuna Mwafrika aliyekuwa amepewa cheo hicho. Bwana Mkubwa wa elimu angekuja kutoka Iringa Jumamosi moja, pamoja na Bwana DC na chifu, nao wangekaa mbele kutazama walimu weusi wakiigiza hadithi ya kizungu kwa Kiswahili safi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyemuua bwana wake ili akalie kiti chake, kisha kiti kikamlia kila alichokuwa nacho, na mkewe akiwemo. Anania aliwafanyisha mazoezi miezi minne. Na Lameki alitaka kwenda chuo. Alitaka sana. Hilo silifichi.

Uchungu ulimshika Bertila Jumanne alfajiri. Mpaka Jumatano asubuhi mtoto alikuwa hajasogea. Mkunga, mama mmoja aliyezalisha nusu ya watu wa pale kwetu, alinawa mikono, akanitoa nje.

"Mtoto amelala mkingamo," aliniambia. "Huyu si wangu tena. Huyu ni wa hospitali."

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa machela. Nilisema tumbebe. Mkunga akasema akitikiswa siku nzima atavuja damu aishe njiani. Nilikimbia njia panda nikawasihi madereva wawili, watu wanaokunywa chai yangu kila wiki. Malori hayakuwa yao, na matajiri wao walikuwa wamewakataza kuacha barabara kuu. Walikataa wakitazama chini.

Ndipo nilipolikumbuka gari la shule. Lilikuwa chini ya mwalimu mkuu, na liliwahi kumpeleka mke wa mwalimu mwingine hospitali. Nilichana karatasi kwenye daftari nikaandika hivi: "Shemeji Lameki, Bertila yuko hali mbaya tangu jana. Mtoto amelala mkingamo, mkunga ameshindwa. Mwombe mwalimu mkuu gari tumpeleke hospitali. Njoo leo hii. Dorkasi."

Nikampa Nahumu, dereva aliyekuwa akipeleka chumvi Songea kwa njia ya Njombe. Nahumu alikuwa mtu wa kuaminika. Aliiweka barua ndani ya kofia yake akaondoa lori kabla hajamaliza chai.

Njombe si mbali. Ni mwendo wa saa tatu kwa barabara ile, na saa tatu kurudi. Nilihesabu kwamba gari lingefika kabla ya jua kuzama. Jua likazama. Alhamisi nilisimama barabarani kutwa. Kila nilipoingia ndani kumpa maji, Bertila aliuliza, "Limefika?" Nilisema linakuja. Mchana akasikia mngurumo upande wa Njombe, akataka nimwinue akae, amtazame mumewe akiingia. Lilikuwa lori la mbao. Lilipita.

Ijumaa hakuuliza tena kuhusu gari. Alimwita Lameki tu. Alimwita kwa sauti, kisha kwa mnong'ono, kisha midomo ikawa inacheza bila sauti. Saa sita mchana akafa, na mtoto akiwa ndani yake.

Wazee wa ukoo walikaa wakasema tumngoje mume mpaka Jumapili, kwa baridi ile maiti ingevumilia. Mimi nilisema nitakwenda kumleta mwenyewe, na kama hataki kuja nitamburuta. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Nilijua barua ameipata, ameisoma, ameikunja, amerudi kwenye mazoezi yake.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori tupu lililokuwa likienda Njombe kuchukua mbao, nikasimama nyuma upepo ukinichapa, na hasira ilinikinga na baridi kuliko blanketi nililojifunga. Nilifika mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye uwanja wa shule ni gari lenyewe. Lilikuwa limeegeshwa chini ya miti, limepambwa matawi, na nyuma yake kulikuwa na mabenchi mawili ambayo hayajashushwa. Dereva wake alikuwa amekaa kwenye bodi, anakula muwa. Gari lile lilikuwa zima, na lilikuwa limeshinda siku tatu likibeba mabenchi na mapazia kutoka kanisani mpaka shuleni, mwendo ambao mtu mzee angeutembea kwa miguu.

Uwanja ulijaa. Wazungu na chifu walikaa mbele kwenye viti, watu wengine nyasini. Jukwaa lilikuwa mbao zilizopangwa juu ya meza, na juu yake alikuwa Lameki amevaa ngozi za mbuzi, taji la bati kichwani, ndevu za masizi. Mtu mwenye mkuki aliingia akapiga magoti.

"Bwana wangu," alisema, "malkia amefariki."

Lameki alikaa kimya muda mrefu mpaka watoto wakaacha kukohoa. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti yake, "Mmeniletea habari hii wakati mikono yangu imejaa vita. Nani atanishikia mkuki huu ili nipate kulia?"

Akalia. Nayaapia macho yangu, yalikuwa machozi ya kweli, yalikata njia kwenye masizi. Wanawake waliokaa karibu nami walijifuta kwa khanga zao. Bwana Mkubwa wa elimu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini.

Na mimi nikamchukia Lameki kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilipita katikati ya watu, nikawaruka waliokaa, nikapanda juu ya zile mbao.

"Lameki," nilimwambia kwa Kibena, "mkeo amelala kwa mama tangu jana mchana, hajazikwa. Huyu unayemlilia hapa ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Dada Dorkasi. Mke gani?"

"Kwani unao wangapi?"

Uwanja ulinyamaza, maana Kibena walikijua. Bwana DC hakukijua. Alimgeukia Anania, aliyekaa nyuma yake, akamwuliza jambo. Karani wa boma aliyekuwa amesimama pale aliniambia baadaye Anania alijibu nini. Alijibu kwamba ni sehemu ya igizo, huyu ni mama wa malkia amekuja kuomboleza kwa desturi ya wenyeji. Bwana DC akafurahi sana. Akapiga makofi, na Bwana Mkubwa wa elimu naye akapiga.

Hivyo ndivyo Wazungu walivyoupokea msiba wa mdogo wangu.

Anania alipanda haraka, akafunga pazia, akatangaza kwamba kwaya itaimba. Akatushika mikono, mimi na Lameki, akatuingiza darasani nyuma ya jukwaa. Kwaya ilianza kuimba nje, na iliimba muda wote tuliokuwa mle.

"Nilikuandikia Jumatano," nilimwambia Lameki.

"Sijaona barua."

"Usinidanganye. Leo usinidanganye."

"Shemeji, kwa jina la Mungu, sijaona barua yoyote."

Mlango ulisukumwa, akaingia Nahumu na kofia yake mkononi. Alikuwa amerudi kutoka Songea asubuhi ile, akasimama kutazama, akaniona nikipanda.

"Barua nilimpa huyu," alisema, akimwelekezea kidole Anania. "Jumatano mchana, pale ofisini. Mwalimu Lameki alikuwa mazoezini, huyu akasema hawezi kuitwa. Aliisoma mbele yangu. Na kwa mdomo nilimwambia, mwanamke yuko vibaya. Akasema nenda tu, nitamfikishia."

Nilingoja Anania akane. Hakukana. Aliingiza mkono kwenye koti la ile suti ya kijivu, akaitoa. Karatasi yangu ya daftari, imekunjwa vizuri mara nne.

"Nilikusudia kumpa leo jioni," alisema.

"Leo jioni," nilisema.

"Mama, wanawake huzaa kila siku. Nilidhani ni hofu za kawaida, na kwamba mpaka leo angekuwa amejifungua, nimpe Lameki barua na pongezi pamoja."

"Imeandikwa mkunga ameshindwa. Unajua kusoma, ndiyo kazi yako."

Alijifuta jasho, kwenye baridi ile. "Nimefundisha miaka kumi na minane. Mnajua Wazungu wanasemaje juu yetu? Kwamba tunaanza vitu, hatumalizi. Kila mara kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna ng'ombe amepotea. Ningempa barua angeondoka, na mgeni asingerudi tena. Sikufanya kwa ajili yangu peke yangu. Na Lameki angepata chuo."

Lameki alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, taji bado kichwani. Anania akachuchumaa mbele yake, na hapo ndipo aliposema maneno ambayo sijawahi kuyasamehe.

"Lameki. Imebaki sehemu moja tu, ya kufa kwa mfalme. Dakika kumi. Mkeo sasa hawezi kuamka. Malizia, kisha nitakupa gari."

Nilimpiga kofi. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe, na miwani yake ikaruka mpaka chini ya ubao. Aliitafuta kwa kupapasa sakafuni. Lameki alivua ngozi, ikabaki moja begani, akavua taji, akaliweka juu ya dawati taratibu kama chombo cha udongo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nahumu akamfuata, nami nikaichukua barua yangu nikawafuata.

Igizo liliisha. Anania alijivika zile ngozi zilizobaki, akavaa taji, akapanda jukwaani. Maneno yote aliyajua kwa kichwa, si ndiye aliyeyaandika. Alikufa vizuri sana, wanasema. Alishangiliwa kwa kusimama.

Sisi tulikuwa barabarani, ndani ya lori la Nahumu. Nilikaa katikati, Lameki upande wa mlango, ngozi ya mbuzi begani, masizi usoni. Tulikuwa tumeshaacha mji nyuma aliponiuliza, "Aliniita?"

Ningeweza kumwambia alilala kwa amani. Watu huambiana hivyo na hakuna anayeona ubaya. Lakini nilikuwa nimeshinda siku tatu nikiisikia sauti ile, na nilitaka mwingine aisikie.

"Alikuita mpaka sauti ikaisha," nilisema. "Kisha akakuita bila sauti."

Nahumu alinitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Lameki aliegemeza kichwa kwenye mlango wa lori, akakaa hivyo mpaka Makambako.

Mama alimpokea uani. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alichota maji ya moto kwenye beseni, akamkalisha kwenye kigoda, akamfuta ndevu za masizi kwa kitambaa, shavu hili, kisha shavu lile, kama anavyofutwa mtoto. Ndipo akamwacha aingie kwa mkewe.

Tulizika Jumapili. Lameki hakutoa chozi kaburini, na watu wakasema, maana watu hawakosi la kusema, kwamba kwenye igizo alilia vizuri zaidi. Aliyasikia. Jioni yake aliniambia, "Wana haki, shemeji. Yalikwisha kule."

Baada ya wiki mbili Mchungaji Yoeli aliita kikao cha wazee wa kanisa Njombe. Niliiweka barua mezani. Nahumu akasema aliyoyaona. Anania alipiga magoti akalia, akasema shetani alimpofusha kwa tamaa ya cheo. Wazee wakatoka, wakarudi. Miezi mitatu atakaa nje ya meza ya Bwana, kisha atapokelewa. Mchungaji Yoeli akaniambia nimpe mkono.

"Simpi," nilisema.

"Dorkasi, ametubu mbele yetu."

"Ametubu mbele yenu. Aliyemkosea hayumo humu."

"Nawe ulimpiga mtu mbele ya mashahidi. Unatubu hilo?"

"Hapana, Mchungaji."

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alinibembeleza kwa upole mpaka jua likageuka, na kila aliponibembeleza ndivyo nilivyozidi kuwaka, kwa sababu mle ndani mtu aliyehitaji kubembelezwa alionekana kuwa mimi. Mwisho wakaamua. Nami nitakaa nje ya meza ya Bwana, mpaka nitakaposamehe. Anania alipewa miezi mitatu. Mimi nilipewa mpaka.

Mwezi wa tisa zikaja habari mbili. Ya kwanza, Anania amefanywa mkaguzi msaidizi wa shule, wa kwanza mweusi wilayani. Ya pili ilikuwa barua kwa Lameki, yenye mhuri. Amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, Bwana Mkubwa wa elimu mwenyewe alimkumbuka yule mfalme.

Lameki hakuwa amerudi shuleni. Alikuwa kwetu, akilima shamba la mama. Aliisoma barua, akaikunja, akanipa nikawashie moto wa chai. Siku ya tatu lori la watu wa kuandikisha vibarua wa mkonge lilisimama njia panda. Nilikuwa namimina chai nilipomwona kwenye mstari wa manamba, miongoni mwa vijana wa Makete waliojifunga mablanketi.

Karani aliuliza, "Unajua kuandika jina?"

"Sijui," alisema Lameki, mwalimu.

"Weka dole gumba."

Akaweka. Niliacha chai nikamfuata, nikamshika shati. Nilimwambia yeye ni mjinga. Nilimwambia anamwachia Anania kila kitu, cheo, shule na mji mzima, akatembee humo kifua mbele, na hakuna hata mtu mmoja wa kumtazama usoni na kumkumbusha.

"Anania aliificha barua siku tatu," alinijibu. "Mimi niliahidi Juni. Bertila alinisubiri, Juni ikaisha, nami nikasema baada ya igizo. Wewe unamhesabia yeye tu, shemeji, kwa sababu unanihurumia."

"Sikuhurumii."

"Basi usinizuie."

Akapanda. Lori likaondoka kuelekea Iringa, na huko mbele Tanga, kwenye mkonge. Yeye ambaye aliandikia watu barua kijiji kizima hakutuandikia hata mstari. Mwaka wa pili alikuja kijana mmoja wa Iwawa, amemaliza mkataba, akatuletea blanketi la Lameki. Alisema ilikuwa homa, siku nne tu. Alisema mwalimu, kule walimjua kuwa mwalimu baada ya muda mfupi, alikataa kupelekwa kwa mganga wa kambi. Alilala akautazama ukuta. Mama alilichukua blanketi akaingia nalo ndani, na hakutoka siku ile.

Anania alirudishwa mezani kabla ya Krismasi ya mwaka uleule wa igizo. Mimi naenda kanisani kila Jumapili, hakuna anayeweza kunizuia kuimba. Mara mbili kwa mwaka mkaguzi huja kukagua shule za upande wetu, na akilala Makambako husali kwetu. Wakati wa chakula cha Bwana watu wa benchi langu husimama wote, mama akiwa wa mwisho kwa sababu ya miguu yake, nami husogeza magoti wapite. Anania hupita pia, koti mkononi, akitazama mbele. Mchungaji Yoeli, ambaye sasa ni mzee na ndiye anayetuhudumia huku, kila mara huinua macho kutoka kwenye kikombe akanitafuta, kuona kama leo nitasimama.

Namtazama na mimi, na ninakaa.